Anayepiga Kelele Anapumua

Haya ni maneno niliyowaambia wauguzi wahitimu waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa leseni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza mizaha miwili mitatu isiyofaa kuandikwa.

Wenzangu wahitimu, wakufunzi, na nyinyi jamaa mliowasindikiza watu wenu leo, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Sitaanza na salamu ndefu. Nitaanza na swali, na kalamu wekeni chini maana hili si la kuandika.

Umeingia zamu ya asubuhi, umekabidhiwa wagonjwa wanne. Kitanda cha kwanza yuko mwanamume mwenye jiwe la figo. Anagaagaa, anapiga kelele, wodi nzima inamsikia, na ukimuuliza maumivu ni mangapi kwa kumi anakujibu kumi na mbili. Kitanda cha pili ni mama aliyeondolewa tezi ya shingo jana. Ametulia. Anakuambia kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kukusumbua, kwamba midomo yake inakufa ganzi kidogo na ncha za vidole zinamchonyota. Kitanda cha tatu ni mzee wa kisukari ambaye sukari yake ya asubuhi imepanda kidogo. Kitanda cha nne ni kijana anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Ndugu zake wamesimama mlangoni na mizigo, wamekukodolea macho, wanataka karatasi zao waondoke.

Unaanza na nani?

Mikono juu. Kitanda cha kwanza? Wengi, wala siwalaumu. Cha nne? Wawili. Nyinyi mmeshawahi kugombana na ndugu wa mgonjwa, mnajua mnachokikimbia. Cha pili? Wewe dada wa kule nyuma, umeunyosha mkono halafu umeushusha. Baki na jibu lako, nitakurudia.

Nimeitwa niwaeleze namna ya kufaulu. Aliyeniita anajua kwamba nina leseni na miaka mingi wodini. Asichokijua, na atakijua sasa hivi pamoja nanyi, ni kwamba mara ya kwanza nilifeli.

Nilifeli nikiwa mtu wa kufaulu. Darasani nilikuwa wa pili, na mkufunzi mmoja alishasema mbele ya wenzangu kwamba huyu hata akifanya mtihani usingizini atapita. Alidhani ananipa moyo, kumbe ananitwisha gunia. Tangu siku ile niliacha kujiandaa kufaulu, nikaanza kujiandaa kutoaibika. Hizo ni kazi mbili tofauti. Anayejiandaa kufaulu hutafuta asichokijua. Anayeogopa aibu hurudia anachokijua, kwa sababu kinamfariji.

Basi nikarudia. Madaftari yangu yalipendeza kutazama: wino wa kijani kwa dawa, mwekundu kwa dalili za hatari, wa buluu kwa vipimo vya maabara. Ukurasa mmoja niliusoma mara sita, na mara ya saba nikaupaka rangi ya manjano. Nilikuwa nakesha hadi saa tisa za usiku, naamka saa kumi na moja na nusu kuwahi kazi, maana wakati ule nilikuwa msaidizi wa wauguzi na kodi haingoji matokeo. Nikaanza kuota potasiamu. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mdogo wangu akiniuliza kama nimekula, namkaripia kana kwamba amenitukana. Na katika yote hayo sikuona dalili yoyote ya ugonjwa, mimi niliyesomea dalili miaka mitatu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kompyuta, wa ile aina inayopanda na kushuka kulingana na majibu yako. Hapa naomba nikae kidogo. Nusu ya hofu niliyoibeba ilitokana na kutoelewa mashine ile ilikuwa inafanya nini, na baadhi yenu mtakaa mbele ya mashine kama hiyo.

Mfano unaojulikana zaidi ni NCLEX, mtihani wa leseni wa Marekani, ambao umekuwa ukifanywa kwa mtindo huu tangu 1994. Ukijibu sahihi, swali linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosea, linashuka kidogo. Kila mara kompyuta inakutafutia swali ambalo, kwa makadirio yake, una nafasi ya nusu kwa nusu kulipata. Naomba nirudie: nusu kwa nusu. Kwa maneno mengine, hodari na dhaifu wote wanatoka chumbani wakihisi wamekosa karibu nusu ya maswali, na kwa kweli wameyakosa. Kinachowatenganisha ni ugumu wa maswali hayo. Mmoja alikuwa anaangushwa na maswali ya ghorofa ya tano, mwingine anaangushwa na ya ghorofa ya kwanza. Kompyuta inaijua ghorofa. Wewe uliyekaa kwenye kiti unachokijua ni kuanguka tu.

Kwa sasa mtihani huo una maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, ndani ya saa tano. Mashine husimama mapema ikipata uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango, au chini yake. Ukiwa unayumbayumba karibu na mstari, inaendelea kukuuliza. Hivyo kusimamishwa mapema kunaweza kuwa heri au shari, na kuendelea hadi mwisho vilevile. Namba ya swali haikuambii lolote. Juu ya hayo, miongoni mwa maswali hayo yamo 15 ambayo hayahesabiwi kabisa. Watungaji wanayajaribu kwa ajili ya mitihani ijayo. Lile swali la ajabu litakalokutoa jasho dakika nne, lenye neno ambalo hujawahi kuliona, huenda halina hata alama moja.

Mambo haya nilikuwa nimeyasoma. Niliyasoma kama nilivyosoma mengine yote, yakakaa kwenye daftari yasinikae kichwani. Nilipoona maswali yanazidi kuwa magumu, nikajiambia nimekwisha. Ilipopita namba ambayo rafiki zangu wawili walisimamishiwa, nikaacha kusoma maswali nikaanza kuhesabu namba. Swali linanieleza habari za mtoto mwenye homa na shingo iliyokaza, mimi namuuliza mtungaji wake kimoyomoyo: kwa nini hujanisimamisha? Halafu nikaanza kukimbia. Nilijibu kama mtu anayefunga mlango mvua inakuja.

Nilipoufanya mara ya pili, maswali yalikuwa mengi karibu vilevile, na magumu vilevile. Nikafaulu.

Sasa turudi wodini. Yule bwana wa jiwe la figo maumivu yake ni ya kweli. Atapewa dawa, na atapewa upesi, wala muuguzi mwenye akili hawezi kumdharau. Lakini kuna kitu ametutangazia wodi nzima bila kujua: anayepiga kelele anapumua. Njia yake ya hewa iko wazi. Na hofu ya mtihani, wenzangu, ni mgonjwa wa kitanda cha kwanza. Inapiga kelele kuliko wote. Inastahili kuhudumiwa. Ila ukiifanya ya kwanza kila siku, wagonjwa wako wengine watatu watakufa kimyakimya: usingizi wako, chakula chako, na yale mada mawili matatu ambayo unajua kabisa huyajui na kila ukiyafikia unafungua ukurasa mwingine. Mimi yangu ilikuwa asidi na besi za damu. Niliizunguka kama mtu anayemzunguka mdai.

Kabla ya kufika kwenye namna ya kusoma, niseme jambo kuhusu mtihani wenyewe, maana kuna wakati mtauchukia, na nataka muuchukie kwa haki.

Mtihani wa leseni haukuwako tangu zamani. New Zealand ilitunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1901, na mapema 1902 Ellen Dougherty akawa muuguzi wa kwanza kusajiliwa chini yake. Uingereza ilivutana na jambo hili kwa zaidi ya miaka 30. Upande mmoja alikuwa Ethel Bedford Fenwick, aliyeanzisha chama cha wauguzi mwaka 1887 kwa lengo hilohilo: kuwe na orodha, kuwe na kiwango, asijiite muuguzi mtu yeyote tu aliyefunga kitambaa kichwani. Upande wa pili, na hapa wengi hushangaa, alikuwa Florence Nightingale. Naam, huyohuyo mwenye taa, anayeitwa mama wa uuguzi wa kisasa. Alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani unaweza kupima maarifa, lakini tabia ya muuguzi, ile inayomfanya arudi kumtazama mgonjwa ambaye hajamwita, karatasi haiioni. Alifariki 1910. Sheria ikapita 1919, na jina la Fenwick likaandikwa la kwanza kwenye orodha.

Mimi nikiulizwa nani alikuwa na haki, nasema Fenwick kwa mgonjwa na Nightingale kwa mtahiniwa. Mgonjwa hana namna ya kujua kama huyu aliyeshika sindano anajua anachokifanya. Amelala chali, amevaa gauni lisilofunga nyuma, na jina la dawa hawezi kulitamka. Lazima awepo mtu aliyeuliza kwa niaba yake. Hiyo ndiyo kazi ya mtihani, wala haina nyingine. Lakini wewe mtahiniwa ukifeli, Nightingale anakuambia kuna sehemu yako ambayo haikupimwa siku ile. Niliyashika maneno hayo katika wiki sita mbaya kuliko zote maishani mwangu.

Kwa sababu hiyo mitihani ya sasa inajitahidi kuusogelea wodi. Tangu Aprili 2023 ule wa Marekani umeongezewa visa vya mgonjwa mmoja vyenye maswali sita sita, na kila swali linafuata hatua ambazo muuguzi huzifuata akilini: umeona nini, kina maana gani, kipi cha hatari zaidi, ungeweza kufanya nini, utafanya nini, na baada ya kufanya, je, kimesaidia? Kwenye baadhi ya maswali unaweza kupata sehemu ya alama hata kama hukupata zote. Aliyekariri orodha ya dalili kumi na mbili atakwama, kwa sababu haulizwi orodha. Anaulizwa kwenye karatasi hii ya mgonjwa, kati ya vitu kumi na tano vilivyoandikwa, ni vinne vipi vinavyopaswa kumnyima usingizi.

Basi tusome vipi?

Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo laiti ningelijua mapema ningeokoa wino mwingi. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena. Kundi la pili likafunika karatasi na kuandika yote wanayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takribani asilimia 56, waliosoma tena wakakumbuka asilimia 42. Linaloniuma zaidi ni hili: wanaosoma tena na tena ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Rangi ya manjano inakupa amani. Kufunika kitabu kunakuonyesha ujinga wako, na hakuna anayependa kukaa na ujinga wake saa mbili usiku akiwa amechoka.

Kwa hiyo mara ya pili nilifunga daftari zangu nzuri kwenye sanduku. Nikawa najibu maswali, machache kwa siku, halafu natumia muda mrefu zaidi kwenye maelezo kuliko kwenye maswali. Hata nililolipata nililihoji: nimelipata kwa kujua au kwa bahati? Na jibu nililoliacha, lingekuwa sahihi kwa mgonjwa gani? Swali hilo la mwisho ni mali. Kila jibu la uongo kwenye mtihani wa uuguzi ni jibu la kweli la mgonjwa mwingine. Ukimjua mgonjwa huyo, swali moja limekufundisha mada nne.

Hesabu za dawa nilizifanya kila asubuhi, tatu tu, kwa kalamu. Agizo ni miligramu 375, chupa ina miligramu 250 kwa kila mililita 5. Ni mililita 7.5. Kila mmoja hapa anaweza. Lakini jaribu mapigo ya moyo yakiwa 120 na mkono unatetemeka, uone nukta inavyohama. Kabla ya kuandika jibu nilijiuliza: kwa macho tu, hii inaelekea? Dozi ni moja na nusu ya ile ya chupa, basi mililita ziwe tano na nusu yake. Ukipata 75, macho yako yatakataa kabla hata hujarudia hesabu.

Sasa usingizi. Nawaona mnacheka, kwa sababu mnajua nitasema nini na mnajua hamtafanya. Mwaka 1997 Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi ya akili na mikono kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa 17 baadaye ni saa nne na nusu usiku. Ndiyo saa niliyokuwa nafungua kitabu! Nilisomea leseni ya uuguzi nikiwa, kwa kipimo cha kazi, mlevi. Na kumbukumbu ya ulichosoma hujengeka ukiwa umelala. Anayekesha ni kama fundi anayepiga lipu usiku kucha bila kuiacha ikauke.

Najua wapo wenye zamu za usiku, wapo wenye watoto wachanga, wapo wenye yote mawili. Kwenu siwezi kusimama hapa kuhubiri saa nane za usingizi, mtanirushia viatu. Ninachowaomba ni kimoja: ikibidi kuchagua kati ya saa moja ya mwisho ya kusoma na saa moja ya kulala, lala. Ile saa ya kusoma ilikuwa na faida ndogo kuliko ulivyodhani.

Watu watawaambia pia kwamba wasiwasi ni mzuri, unakuamsha. Ni kweli nusu. Mwaka 1908 Yerkes na Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, na panya aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Tofauti ya visanduku ilipokuwa rahisi kuiona, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka. Tofauti ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwachelewesha. Mtihani wetu ni wa visanduku vinavyofanana sana. Majibu manne, mawili ya kipuuzi, mawili yanayofanana kama mapacha. Kwa kazi ya aina hiyo kujipiga shoti hakusaidii, na kuna nyumba ambazo familia nzima inashika waya.

Jamaa mliokuja, hapa nawageukia nyinyi. Mkiuliza kila asubuhi "umefikia wapi?" mnadhani mnaonyesha upendo. Mnapowaambia majirani tarehe ya mtihani, mnaongeza idadi ya watu watakaosubiri jibu mlangoni. Mtu wenu anawahitaji kwa mambo madogo kuliko mnavyodhani. Mwosheeni vyombo. Mchukulieni mtoto jioni. Msimwambie "wewe utafaulu tu", kwa sababu akifeli atakuwa amefeli mtihani na amewafanya nyinyi waongo. Mdogo wangu, yule niliyekuwa namkaripia, mara ya pili hakuniuliza chochote. Alikuwa ananiletea chakula, anakaa, ananitazama nikila, anaondoka na sahani.

Na kuna mahali msongo huu unaacha kuwa msongo wa mtihani. Wauguzi ni wagonjwa wabaya, tunajitibu kwa kujikaripia. Ukiona wiki zinapita hulali hata ukipata nafasi, hakuna kinachokufurahisha, unalia bila kujua unalia nini, au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri usingekuwapo, hilo si suala la ratiba ya kusoma. Nenda ukaonwe, leo, kama vile ungempeleka mgonjwa wako. Mtihani unaweza kuahirishwa. Nimemwona mwenzangu akiuahirisha miezi mitano, na wodini hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza kwa nini leseni yake ina tarehe ile.

Siku yenyewe sina mengi. Angalieni karatasi zenu za utambulisho siku mbili kabla, majina yafanane herufi kwa herufi na usajili. Watu wamerudishwa mlangoni kwa herufi moja. Jioni ya kuamkia mtihani msisome kitu kipya. Msikae na yule mwenzenu anayejua kila kitu, kila darasa linaye, mwacheni ajue peke yake. Na mkifika pale, moyo utakwenda mbio. Uacheni uende. Mnajua ni nini: adrenalini inapeleka damu kwenye misuli, kana kwamba swali la kwanza litawakimbiza. Haina habari yoyote kuhusu uwezo wenu. Mara ya kwanza moyo wangu ulikwenda mbio, nikasema "naona sitaweza." Mara ya pili ulikwenda mbio vilevile, nikajiambia kama ninavyomwambia mgonjwa: hii ni mapigo 110, inatarajiwa, tutaiangalia tena baada ya nusu saa. Nikasoma swali la kwanza. Baada ya nusu saa nilikuwa nimesahau kuyapima.

Kungoja matokeo ni ugonjwa mwingine kabisa. Wapo wanaojaribu kujisajili upya saa chache baada ya mtihani ili waone kama mfumo utawakataa, eti ukiwakataa wamefaulu. Wapo wanaoandika maswali wanayoyakumbuka na kuyatafuta moja moja vitabuni. Msiyafanye hayo. Mnakumbuka mliyokosa, kwa sababu ndiyo yaliyowauma. Mliyoyapata yamepita bila kelele.

Na ukifeli? Nisiliruke hili, maana humu ndani wapo watakaofeli, na kuna uwezekano mmoja wenu ameshafeli na hajamwambia mtu. Mimi nilikaa siku tatu ndani. Siku ya nne nikatoka kwa sababu sabuni ilikwisha. Kwenye mtihani kama ule wa Marekani unangoja siku 45 kabla ya kurudia, na unapewa ripoti inayokuonyesha kila eneo ulikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Wengi hawaisomi. Wanaikunja kama barua ya mahari iliyokataliwa. Mimi yangu niliisoma siku ya kumi, na eneo lililokuwa chini kabisa lilikuwa lilelile nililolizunguka miezi minne. Karatasi ile haikuwa imenitukana. Ilikuwa imenipima, ikaandika.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Dada wa nyuma, simama. Ulinyosha mkono kwa kitanda cha pili ukaushusha. Tueleze.

Alisimama. Kwanza alisema hakuwa na uhakika. Nikamwambia sikumuuliza uhakika. Basi akasema, kwa sauti ambayo safu za mbele ziligeuka kuisikiliza, kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vidogo vinavyotunza kalsiamu ya damu, na tezi ikitolewa vinaweza kujeruhiwa au kuondoka nayo. Kalsiamu ikishuka, midomo na vidole hufa ganzi kwanza. Baadaye misuli hukaza, na misuli ya koo ikikaza mgonjwa hawezi kuvuta hewa. Kwa hiyo angekwenda kwake, angemsikiliza anavyopumua, na asingeondoka pale kitandani. Angemwita daktari, na angemtuma mwenzake ampe dawa yule wa jiwe la figo.

"Na mkono uliushusha kwa nini?" nikamuuliza.

"Niliona wengine wote wako kitanda cha kwanza," akasema.